Inchi Tano na Nusu Mpaka Dar

Alute alikwisha kuizunguka nusu ya Tanzania kwa baiskeli bila makalio yake kunyanyuka kwenye stuli ya cherehani. Alikuwa fundi wa mashati na suti, miaka arobaini na sita, kitambi cha wastani, miwani minene. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka la vitambaa la Nitin, pale Singida mjini, ambako upepo hauna adabu na vitambaa vya kuonyesha wateja hufungwa kamba kama mbuzi. Mguu wake ulipokanyaga pedeli ya cherehani, mdomo nao ulikuwa ukikanyaga ya kwake, na mdomo ndio uliofika mbali.

Safari ninayoisimulia hapa ilianza kwa sababu ya shikamoo.

Cherehani ya pili pale barazani ilikuwa ya Samweli. Samweli alifundishwa kazi na Alute, tangu kutia uzi kwenye sindano hadi kukata kola, na kwa miaka tisa alifika kila asubuhi, akasimama, akasema, "Shikamoo, fundi." Alute aliijibu kwa marahaba ndefu, ili na wapita njia wapate chao. Kisha Samweli akaoa. Akanunua cherehani ya umeme. Wateja wakaanza kumuulizia kwa jina. Na Jumatatu moja akaingia barazani, akachomeka waya wake ukutani, akasema, "Vipi, fundi?"

Vipi! Mtu aliyemfundisha kushika sindano! Siku hiyo Alute alimshonea mwalimu mmoja suruali yenye mfuko kwa nje, na mwalimu alipolalamika akaambiwa ndiyo mitindo ya sasa.

Alhamisi yake wakapita wazungu wawili, mume na mke, baiskeli zao zimefungwa mifuko kila upande. Walinunua maji duka la jirani, wakatabasamu, wakaenda zao. Baraza lote likawasindikiza kwa macho.

"Wametoka Mwanza, wanaenda Dar," Samweli akasema. "Watu wana miguu."

"Wanajifunza wale," Alute akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nimeendesha kutoka Kintinku mpaka Kilimatinde. Nimepanda mlima wote ule, nyuma nimebeba mtu mzima na debe la mtama."

Safari hiyo ilikuwepo kweli, tusimsingizie. Ila ilikuwa ya kuteremka, na Alute, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyekaa nyuma na debe.

"Kilimatinde," Samweli akasema, kwa sauti ya mtu anayekagua mshono wa fundi mwingine.

Hapo ndipo damu ilipompanda Alute. "Na mwezi ujao nakwenda Dar. Kwa baiskeli. Nikirudi, hapa barazani kila mtu atajua nani wa kuamkiwa."

Samweli akazima mashine yake ili asikike vizuri. "Dar sitaki kukuonea, fundi. Fika Dodoma tu. Ukifika Dodoma kwa baiskeli, nakuamkia kila asubuhi mpaka nizeeke, tena nimevua kofia."

Wateja walikuwepo, watano kwa hesabu, na mmoja alikuwa mama wa kwaya, ambaye kumwambia yeye ni sawa na kutangaza redioni. Alute akaona amekwenda mbali, akatafuta mlango wa kutokea. "Ningeondoka hata kesho. Lakini siwezi kumwacha rafiki yangu Nitin. Tulikwisha kupanga twende wote, na Nitin mnamjua, mama yake hawezi kumruhusu."

Kutoka ndani ya duka, nyuma ya majora ya kitambaa, ikasikika sauti ya Nitin, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akisikia mpango huo.

"Nakuja," Nitin akasema. "Tunaondoka tarehe ngapi?"

Nitin alikuwa na miaka arobaini na moja, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameipitisha nyuma ya kaunta ile. Mtu mpole, mnene, asiyebishana. Hakuna aliyejua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akisubiri mtu amwalike mahali popote.

Mipango ikaanza, na kwenye mipango, jamani, Alute hakuwa na mpinzani. Walitandaza juu ya kaunta kalenda ya mwaka juzi iliyokuwa na ramani ya Tanzania kwa nyuma. Alute akavua futi lake shingoni, akaliweka Singida, akalivuta mpaka Dar es Salaam.

"Inchi tano na nusu," akatangaza. "Nitin, mimi nimeshona mikono ya mashati ya watoto wachanga mirefu kuliko hii safari."

"Barabara si imepinda pinda?"

"Ikipinda, ongeza nusu. Ndivyo tunavyofanya kwenye kola."

Kisha akaeleza falsafa ya msafara. Wangepita mijini tu. Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze, Dar. Porini hakuna wa kukupigia makofi, na mwanaume hatoki jasho bila mashahidi. Nitin, ambaye alikuwa na daftari, akauliza kati ya mji na mji watafanya nini.

"Tutapita haraka," Alute akasema.

Nitin akaandika: *Tutapita haraka.* Akapiga mstari chini yake.

Wiki ya pili Alute akashona sare. Hapo nakiri alijua kazi yake. Mashati mawili ya njano, kola imesimama, na mgongoni, kwa uzi mwekundu, miji yote mmoja chini ya mwingine: SINGIDA, MANYONI, DODOMA, GAIRO, MOROGORO, CHALINZE, DAR. Watu walikuja kuyatazama tu. Kwa upande wa macho akaona kwamba miwani minene haipendezi kwa mwanamichezo, akanunua miwani myeusi ya jua. Bila ile yake minene Alute alikuwa hatofautishi ng'ombe na mbuzi akiwa hatua kumi, lakini alijitazama kwenye kioo cha duka, kwa karibu sana, akajipenda.

Tatizo lilikuwa moja. Nitin alinunua baiskeli ya gia. Akaanza kuzunguka Ziwa Kindai kila alfajiri. Akapungua kitambi. Ikamwingia Alute polepole, kwa namna ya baridi inayopita chini ya mlango, kwamba huyu bwana alikuwa anakwenda Dar kweli.

Basi akatafuta wa kumzuia. Kwa watu wa huku huendi safari ndefu bila kuaga wakubwa, na mkubwa akisema usiende, huendi, na hakuna anayekucheka. Alichohitaji Alute ni mkubwa mmoja tu mwenye roho nzuri ya kukataza.

Alianza na mama yake Nitin, Bi Vandana, aliyekuwa akimkataza mwanawe kukaa kwenye upepo, ndani ya mkoa wa Singida! Alimkuta uani anapeta dengu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Alute. Karibu."

"Mama, nimekuja kuaga kuhusu ile safari. Ni mbali sana. Malori mengi. Jua. Fisi wapo. Mimi kama rafiki naona ukisema hapana, sisi tutaelewa. Hatutanung'unika hata kidogo."

Bi Vandana akaweka ungo chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na moyo wa Alute ukachangamka.

"Miaka ishirini na miwili mwanangu amekaa dukani," akasema. "Baba yake alipofariki, akaacha shule, akakaa. Hakuwahi kuomba kitu. Daktari anasema sukari imempanda, atembee. Leo amepata rafiki wa kumtembeza. Mchukue, Alute. Unirudishie mwembamba."

Alimpa na chombo cha chapati za uwatu, chupa mbili za achari, na kitambaa cha sari cha kupeleka kwa binamu yake Janvi, Morogoro, kwa kuwa wangepita mlangoni kwake.

Akaenda kwa mkewe, Magreth. Yeye, alijua, angelia.

"Utakaa siku ngapi?" Magreth akauliza.

"Hata wiki tatu. Na ajali, huwezi kujua."

"Wiki tatu zinatosha kupaka rangi sebuleni. Usiwahi kurudi, rangi inataka kukauka."

Likabaki tumaini la mwisho: baba yake mkubwa, Mzee Alphonce, kule Unyamikumbi, mzee aliyekataza redio nyumbani kwake, akakataza soda, na mwaka juzi akakataza harusi iliyokuwa imeshapikiwa. Alute akapiga magoti kabisa. Akaeleza hatari zote, akaongeza na simba. Mzee akasikiliza akiwa amefumba macho. Mwishowe akaita kwa Kinyaturu, na bibi akatoka nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye sura ya afisa.

"Binti yangu Esta yuko Dodoma, mwaka wa nne huu hajaonja kuku wa kwao," mzee akasema. "Nilikuwa nasema nani atanipelekea. Mungu amekuleta. Enda, mwanangu."

Na hapa ndipo Alute alipovuna alichopanda kwa mdomo wake. Mwezi mzima alikuwa ameutangazia mji miji yote atakayopita, na mtu wa Singida ukimtajia mji, anakumbuka ndugu aliye huko, na akimkumbuka ndugu, anafunga mzigo. Mama wa kwaya akaleta dumu la mafuta ya alizeti la kwenda Gairo. Jirani akaleta vitunguu vya kwenda Manyoni. Mchungaji akaleta asali. Kila mmoja alimwamkia au kumbariki, kila mmoja akamwambia ni kamzigo kadogo tu. Kukataa kubeba salamu ya mtu ni kujitafutia jina baya mpaka kwa wajukuu, kwa hiyo Alute alipokea, akashukuru, akafunga. Baiskeli yake, ile nyeusi ya chuma ya marehemu baba yake, ikawa haionekani. Alionekana jogoo, juu kabisa ya mzigo, akitazama mbele.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi baraza lilijaa. Alute akavaa shati la njano na miwani myeusi, akaacha ile minene juu ya cherehani, akapigwa picha nne. Samweli naye alikuwepo. Alisaidia kukaza kamba za mzigo, akaangalia upepo wa matairi, akasema, "Safari njema, fundi." Hakusema shikamoo. Alute aliisubiri hadi dakika ya mwisho.

Wakaondoka kwa vigelegele. Hadi kona ya kwanza, nasema kweli, hapajatokea mwendesha baiskeli mzuri kama yule.

Baada ya kona kulikuwa na upepo. Mnaoijua barabara ya kwenda Ikungi, mji mdogo wa kwanza njiani, mnajua upepo wake: unatoka uendako, na haupumziki hata kwa chakula. Nitin akabadilisha gia, akainama, akaenda. Alute hakuwa na gia. Alikuwa na jogoo. Kilomita ya tatu mapaja yakawaka moto, kilomita ya nne akaanza kumkumbuka kila aliyempa mzigo kwa jina lake.

Ndipo alipotokea bibi mmoja pembeni ya barabara, na Alute akaona wokovu. Kijana aliyelelewa vizuri haamkii mtu mzima akiwa juu ya baiskeli. Anashuka. Anasimama. Anatoa shikamoo, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na zote lazima azijibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za utokako?"

Alimpa za atokako zote. Alimpa za mifugo ambayo hakuwa nayo. Nitin, aliyekuwa mbele, akasimama kumsubiri.

"Heshima, Nitin," Alute akasema akihema. "Huwezi kupita wazee kama gari la serikali."

Tangu hapo heshima ikamzidi. Aliwaamkia akina mama waliokuwa wakitoka kisimani, mmoja mmoja, asikose hata mmoja. Alimwamkia mzee mmoja aliyepita na baiskeli yenye matenga mawili ya kuku akielekea sokoni mjini. Na kwa kuwa macho yake, nyuma ya vile vioo vyeusi, yalikuwa yanaona vivuli tu, akajiwekea sheria ya usalama: chochote kilichosimama wima kinaamkiwa. Kwa sheria hiyo aliliamkia jiwe moja kubwa, na hata lilipokaa kimya yeye hakuharakisha kuondoka.

Saa tano wakawa hata Ikungi hawajaiona. Ukipima kwa futi, walikuwa wamekwenda chini ya robo inchi. Nyuma ikasikika kengele, na yule mzee wa matenga akawapita tena, kuku wameshauzwa, anarudi kwao, amebeba gunia la chumvi na mkewe.

"Bado mpo?" mzee akauliza kwa upole. Akausoma mgongo wa Alute alipokuwa akipita, mji hadi mji, akatikisa kichwa, akapotelea mbele.

Alute alikuwa amefika mwisho wake. Jasho limemjaa machoni, jogoo anamdonoa mgongoni penye MOROGORO. Alikuwa anaomba jambo moja tu duniani: mtu wa kumwamkia. Na mtu akatokea! Pikipiki ilisimama mbele, akashuka mtu mwenye koti refu na kofia, akasimama pembeni ya barabara kama anayemsubiri. Mtu mzima, kwa vyovyote. Huenda ni diwani. Alute karibu aanguke kwa furaha. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye kiuno, akainamisha kichwa, na kwa sauti iliyotoka chini kabisa ya adabu yake akasema:

"Shikamoo, mzee wangu."

Dereva wa bodaboda akazima injini. Nitin akafunga breki.

"Marahaba," yule mtu akajibu. "Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Sijui wewe."

"Mimi mzima. Umesahau hii." Akanyoosha mkono wenye miwani minene. "Nimeona utashindwa kusoma vibao vya barabarani, nikachukua boda nikuletee."

Alute akavua ile myeusi, akavaa yake. Dunia ikarudi mahali pake: barabara, mawe, mbuzi ambao kumbe walikuwa mbuzi. Na mbele yake, kofia kichwani, koti alilolikata Alute mwenyewe na kumpa siku ya harusi yake, alisimama Samweli.

Nawaambia, zipo aibu za kucheka na zipo za kunyamaza. Hii Alute hakujua aiweke wapi. Shikamoo ikishajibiwa hairudi mdomoni, na dereva wa bodaboda alikuwa tayari na simu mkononi.

"Rudi, fundi," Samweli akasema, na hakucheka. "Magoti yako yanacheza."

Hapo Alute akakaa chini kwenye majani, akasema ukweli wake wa kwanza tangu mambo haya yaanze. "Siwezi, Samweli. Mimi siwezi."

Waliisimamisha kenta iliyokuwa ikienda Dodoma, wakapakia mizigo na ile baiskeli ya chuma, ipokelewe na Esta. Nitin akafungua kamba, akamchukua jogoo, akamfunga mbele ya usukani wake.

"Wewe unaendelea?" Alute akamuuliza.

"Mama nimeshamuaga," Nitin akasema. "Halafu hata sijachoka." Akabadilisha gia, akapita haraka, kama ilivyoandikwa kwenye daftari.

Alute akarudi mjini mshikaki, katikati, kati ya dereva na Samweli, mgongo wenye miji saba umefunikwa na kifua cha mwanafunzi wake. Nyumbani alikuta sebule imeshapakwa rangi upande mmoja, na Magreth alimwambia asiguse ukuta.

Jumatatu aliwahi barazani kuliko watu wote. Alikaa kwenye stuli, akalilaza shati la njano mapajani, akachukua wembe, akaanza kufumua. Alifumua DAR. Akafumua CHALINZE, MOROGORO na GAIRO. Alipofika DODOMA simu ikalia. Alikuwa Nitin, anapiga kutoka mlangoni kwa Esta, akicheka kwa namna ambayo Alute hakuwahi kumsikia, na nyuma yake jogoo alikuwa anawika. Alute alimpongeza. Alimpongeza kwa moyo, na moyo ulimuuma vilevile. Akafumua na DODOMA.

Wateja wakaanza kufika, na mama wa kwaya mbele yao, na wote walikuwa wameshaambiwa. Kisha akaingia Samweli. Alisimama mbele ya cherehani ya Alute. Akavua kofia.

"Shikamoo, fundi," Samweli akasema.

Alute akainua uso. Dodoma hakufika, hata Ikungi hakufika, lakini huyu kijana alilelewa, na nani alimlea kama si yeye? Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akaitoa ile marahaba yake ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa, ikafika mpaka ng'ambo ya barabara.

Samweli akaisubiri iishe.

"Hiyo ni ile yako ya juzi, nimekurudishia," akasema, huku anarudisha kofia kichwani. "Nisije nikakaa na kitu cha mtu." Akachomeka waya wake ukutani, akaketi, akageuka.

"Sasa ya leo. Vipi, fundi?"

Alute akalitazama shati. Chini ya SINGIDA ilikuwa imebaki MANYONI, nayo ilikuwa inausubiri wembe.

"Poa," akasema.